Kayaki nyekundu na kilo kumi na mbili za Mama Maboya

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mama Maboya amesimama nyuma ya meza yake ya mbao, penseli sikioni, futi ya kupimia shingoni, akimtazama bwana mmoja mwenye kitambi kama anavyotazama kitambaa kilichopungua robo mita.

"Uzito wako, mheshimiwa?"

"Sabini na tano," anajibu bwana yule, huku akivuta tumbo ndani.

"Sabini na tano ya mwaka gani?"

Foleni nzima inaangua kicheko. Bwana anapanda mizani akijikaza kisabuni. Mshale unapita sabini na tano bila hata kuaga na kwenda kutulia kwenye themanini na nane. Mama Maboya anageuka, anachomoa jaketi la kuelea kwenye msumari wa tatu, anamvisha, anamfunga mikanda, kisha analishika mabegani na kulivuta juu kwa nguvu ili ahakikishe halipandi masikioni.

"Watu wazima na heshima zao," analiambia gazeti hili, bwana yule akiwa bado anasikia. "Wakifika kwenye mizani wote wanakuwa wembamba wa mdomo. Jaketi la mtu wa kilo sabini na tano halimwezi mtu wa kilo themanini na nane. Linambusu tu kidevu, linamwacha aende."

Hii ndiyo kazi yake kwa mwaka wa tisa sasa: kushona, kuziba na kuwavalisha wageni majaketi katika kituo kinachowateremsha watu mtoni kwa maboti ya mpira. Ofisi yake ni banda la bati lenye harufu ya gundi na nguo mbichi, na cherehani mbili, moja ya kushonea na nyingine ya kunyofolewa vipuri. Jina la Mama Maboya alipewa wiki yake ya kwanza kazini, na leo hata kwenye orodha ya mishahara karani huliandika hivyo kwa kusahau.

Lakini Jumamosi hii si ya kawaida. Chini ya meza, miguu yake tayari iko ndani ya viatu vya mtoni. Saa nne kamili atafanya jaribio la kuwa mlinzi wa mto, yaani yule anayeteremka na kayaki kando ya maboti akiwaokota wanaotupwa majini. Ni jaribio la pili, na ofisi imeshasema ni la mwisho. Akishindwa, nafasi inapewa mtu wa kutoka nje.

La kwanza lilimshinda kwa sababu ya uongo wa kilo kumi na mbili. Aliyeutunga uongo huo ni yeye mwenyewe, kwa kalamu yake mwenyewe, na hilo ndilo linalomuuma.

Mama huyu wa miaka arobaini na moja aliingia mtoni kwa mara ya kwanza miezi kumi na minne tu iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa akiwavalisha watu asubuhi, anawaona wanaondoka na lori wakiimba, mchana wanarudi wamelowa chapachapa, wanapiga kelele, wanakumbatiana na watu wasiowajua. Yeye anapokea majaketi, anayaanika.

"Karibu miaka minane nimewavalisha watu waende mahali ambapo mimi sijafika," anasema. "Siku nyingine nilikuwa naona wivu mpaka nashona kombo."

Kisha Kocha, mwalimu wa walinzi wote wa mto pale kituoni, alileta kayaki izibwe kiti. Kayaki ni mtumbwi mdogo wa plastiki wa mtu mmoja, umefunikwa juu kote isipokuwa tundu la kukalia, na tundu lenyewe huzibwa kwa sketi ya mpira anayoivaa mpigaji kafi. Mama Maboya aliziba kiti, akaomba akijaribu. Kocha akadhani anataka kukijaribu pale pale bandani.

Siku ile alipinduka mara sita kwenye maji yaliyotulia, mahali ambapo bata wanaogelea na watoto wao. Maji aliyokunywa, kwa maelezo ya Kocha, yangejaza ndoo na yangebaki ya kunawa. Mara ya sita alitoka anacheka. Wiki iliyofuata akarudi.

Kayaki yake ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi, mali ya kituo. Ilikuwa pana, nzito, ya rangi ya uji uliopoa, na kila mtu aliiita Bafu. Bafu haikuwa na haraka wala hasira. Ukikosea ilikusamehe, ukilala ndani yake ilikufikisha. Ndani ya Bafu alijifunza kukata mkondo, kutulia nyuma ya mwamba mahali ambapo maji hujikunja na kupoa, na mwishowe kujibinua, yaani kurudi juu mwenyewe bila kutoka ndani baada ya kupinduka.

Kujibinua kulimchukua miezi minne na nusu. Mume wake, ambaye ni kinyozi, alimruhusu afanye mazoezi ya kiuno kwenye kochi la wateja siku za Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa. Siku mbili alianguka na kochi.

Mwezi uliopita Bafu ilipasuka kwenye mwamba. Sasa imejazwa udongo, imepandwa maua mbele ya geti. Wakati huohuo mlinzi mmoja akaaga kazi, na ofisi ikatangaza nafasi, mshahara mara moja na nusu ya wa fundi cherehani, kwa sharti kwamba anayeomba awe na kayaki yake. Kila mwaka kituo huwauzia wafanyakazi kayaki zilizotumika, kila mtu moja, ukishachukua umechukua. Akiba ya Mama Maboya ilitosha moja, na kwa mapato yake ingepita miaka mitatu kabla ya kufikiria nyingine.

Kocha alimpa ushauri mmoja. "Nilimwambia hivi: Mama, vaa kila kitu, pakia kila kitu, kamba ya kuokolea, mkoba wa dawa, chupa ya chai. Kisha nenda kakae ndani ya hiyo kayaki majini dakika ishirini. Usichague ukiwa sakafuni. Sakafuni kila kayaki inaelea."

Akaenda stoo akachagua sakafuni.

Kulikuwa na mbili za kufaa. Moja ilikuwa ya kijani iliyopauka, nene kiunoni, pua butu. Nyingine ilikuwa nyekundu, fupi, nyembamba, mkia bapa kama ulimi wa kiatu. Walinzi vijana hupenda ya aina hiyo kwa sababu mkia wake ukizama kidogo, pua hunyanyuka na kayaki hugeuka hapo hapo, watu wanapiga makofi.

Mume wake alikuwa ameshapigisha kura saluni. "Wateja kumi na saba," anasimulia kinyozi, mtu mpole mwenye sauti kubwa. "Nyekundu kura kumi na tano, kijani moja, na mmoja alisinzia."

Kati ya hao kumi na saba, aliyewahi kuiona kayaki ni yule aliyesinzia.

Mama Maboya akaingia kwenye nyekundu kwa awamu: mguu wa kushoto, kupumua, mguu wa kulia, kupumua tena. Akakaa. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha la stoo. "Nilijiona mtu," anasema. "Nilijiona kabisa."

Mtunza stoo, anayeitwa Bwana Karatasi hata na mke wake, alisoma kibandiko kilichobandikwa ubavuni. "Kilo arobaini na tano mpaka sabini, mama. Una ngapi?"

"Kwani we unanionaje?"

"Mimi sioni. Andika hapa."

Akaandika sitini na tisa.

Mama Maboya anafunika uso kwa futi anapofika hapa. Mwanamke huyu anawatoa jasho mabwana wakubwa kila asubuhi kwa kilo tatu. Mizani yake iko hatua kumi kutoka stoo. Alipita mbele yake akiwa amebeba kayaki kichwani, na hakuiangalia.

"Sitini na tisa nilikuwa nazo," anajitetea. "Nilipoolewa."

Nyumbani kosa likazaa kosa. Kwa kuwa kayaki ilimbana, yeye fundi alitoa wembe, akachonga kiti mpaka kikabaki utando, akabandika vipande vipya vya kushikia mapaja kwa gundi isiyobandukika. Wakati gundi inakauka, Bwana Karatasi alikuwa akiifuta kayaki ile kwenye daftari lake. Iliyochongwa hairudishwi.

Jaribio la kwanza lilifanyika wiki mbili zilizopita, mahali paitwapo Mama Mkwe. Ni mteremko wa maji usio na kelele nyingi, ndiyo maana ya jina, lakini ukimkosea utajua. Mwombaji anatakiwa apite salama, kisha amvute ukingoni mtu aliyeanguka kabla ya kufika mwamba uliopakwa rangi nyeupe.

Nyekundu iliingia Mama Mkwe mkia ukiwa umezama tayari. Mama Maboya alipiga kafi, pua ikatazama mawingu. Akainama mbele, pua ikashuka, maji yakampanda kifuani. Akatokea upande wa pili amekaa ndani ya mto kuliko juu ya mto. Hapo Kocha, aliyekuwa akijifanya anazama, akashika mkia.

"Ndiyo ikawa mwisho," anasema Kocha. "Kayaki ilisimama wima kama mlingoti. Nikamwona mama angani, nikamwona tena yuko chini. Mimi ndiye niliyekuwa nazama, jamani, na nikajikuta nimempakata mwokozi wangu mpaka ukingoni."

Mwamba mweupe walikuwa wameupita zamani.

Ofisi haikuelewa. Mwanamke yule yule ndani ya Bafu alikuwa imara. Wakamwambia labda ni woga, wakampa wiki mbili. Yeye alijua si woga, na hakuweza kusema, kwa sababu angesemaje? Kwa siku kumi aliwavalisha wageni akiwauliza uzito kwa sauti ya chini, kama anayeulizia msiba. Wakimdanganya, anawaacha wajipime wenyewe.

"Nililia bandani," anasema wazi. "Si kwa sababu ya kazi tu. Ni kwamba mto nilikuwa nimeshaupata, halafu nimeupoteza kwa kujiona mwembamba."

Aliyemtoa kwenye shimo hilo ni dereva wa lori, bila kujua.

Dereva ni mtu mfupi, mkavu, mwenye maneno makubwa, anayeendesha lori akiwa amekalia mto ili aone barabara. Naye alinunua kayaki mwaka huu. Alichukua ile ya kijani, akatangaza kwamba nyekundu ni ya kuchezea. Jumanne iliyopita alikuja bandani na kipande cha sponji, akaomba ashonewe mto wa kuweka ubavuni mwa kiti.

Mama Maboya alipokea sponji, akaanza kukata, kisha akasimama. Ulikuwa mto wa tano. Miwili ya kiunoni alishamshonea, mmoja wa mgongoni, mmoja wa kukalia.

"Kaka," akamwambia taratibu, "kayaki ile ni ya kilo sitini na tano mpaka mia. Uliandika ngapi?"

"Sabini na nane."

"Mtu wa kilo sabini na nane ana kazi gani na mito mitano?"

Dereva akatazama bati. "Kwani wewe uliandika ngapi?"

Cherehani ya vipuri ilionekana kama inasikiliza. Kila mmoja alijua mwenzake anajua, na hakuna aliyekuwa tayari kutangulia. Ndipo Mama Maboya akapiga moyo konde, akavua viatu, akapanda mizani yake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe. Themanini na moja.

"Njoo," akamwambia dereva. "Mimi nimeshashuka, haing'ati."

Hamsini na nane, pamoja na funguo za lori.

Dereva akamwaga yote. Tangu aichukue kijani hajawahi kuigeuza. Akipiga kafi kushoto, kayaki inafikiria kwanza. Kwenye mawimbi inakwenda inakotaka yenyewe na yeye anasindikiza. Mtu huyu huvaa sketi ya mpira mbele ya kadamnasi bila wasiwasi, lakini hamsini na nane kwenye karatasi zilimshinda.

Kubadilishana kungekuwa jambo la dakika tano kama si Bwana Karatasi. Alikataa katakata. Karatasi zinasema mama ni sitini na tisa na dereva sabini na nane, kwa hiyo kila mtu ana kayaki inayomfaa, abadilishe kwa sababu gani? Wakitaka, wapimwe mbele ya mashahidi wawili, waandike upya, watie sahihi.

Dereva akaomba wafanye jioni, watu wakishaondoka. Bwana Karatasi akasema stoo hufungwa saa kumi.

Basi Jumatano, saa tisa unusu, wageni wakiwa wanarudisha majaketi, Mama Maboya alisimama kwenye mizani ileile. Mashahidi walikuwa mpishi na Kocha. Bwana Karatasi, ambaye hana sauti ya chini, akasoma: "Themanini na moja!" Wageni wa asubuhi ile, waliokuwa wametolewa jasho na mama huyo, walishangilia kama timu yao imefunga bao.

"Niliwaacha wacheke," anasema. "Walikuwa wananidai." Dereva akapanda baada yake, akasomewa hamsini na nane, wakatia sahihi na kubadilishana kayaki.

Habari zilifika saluni kabla yake. Kinyozi alimpokea mlangoni, mashine mkononi, mteja amenyolewa nusu. "Mama watoto, themanini na moja? Mimi miaka yote nawaambia watu sabini!"

"Ulipata wapi sabini?"

"Si wewe uliniambia!"

Saa nne inafika. Ukingoni yupo kinyozi, aliyefunga saluni siku yake ya mapato makubwa na hawezi kutazama maji bila kushika mti. Yupo dereva, ameegemea lori, nyekundu ikiwa imefungwa juu. Kijani iko majini, na Mama Maboya yumo ndani, na kamba, na mkoba, na chupa ya chai. Amekaa humo dakika ishirini kabla ya mtu yeyote kumwambia.

Mpango wa leo ni huu: ataongozana na boti la wageni halisi, na Kocha aliyemo botini atajirusha majini ghafla, bila taarifa, baada ya Mama Mkwe.

"Shemeji, vuta pumzi," Kocha anamwambia kinyozi akiwa anapanda.

"We mrudishe tu mke wangu, pumzi zangu niachie mwenyewe."

Kijani haina mbwembwe. Inaingia Mama Mkwe na pua yake butu, inapanda wimbi la kwanza, inashuka, inapanda la pili. Kafi la Mama Maboya linaingia na kutoka bila papara. Anatokea chini, anakata mkondo, anageuka na kutulia nyuma ya mwamba, macho kwenye boti, akimsubiri Kocha aanguke.

Kocha ameshapitisha mguu mmoja ukingoni mwa boti. Ndipo boti linapiga wimbi kombo, na anayeruka si yeye. Ni bwana wa kitambi, yule wa sabini na tano, anayeondoka kichwa mbele kwa mlio ambao kinyozi atauiga saluni kwa miezi mingi.

Anapotea. Ukingoni hakuna anayecheka. Kisha jaketi la msumari wa tatu linamrudisha juu kama kizibo, limekaa pale pale lilipofungwa, chini ya kidevu, na Mama Maboya ameshafika.

"Shika mkia, mheshimiwa! Mikono miwili! Sasa piga miguu!"

"Nafa!"

"Hufi, unapiga miguu! Kilo themanini na nane hazijivuti zenyewe!"

Mkia wa kijani unashuka kidogo, basi. Pua inabaki chini. Mama Maboya anachimba kafi mara kumi na nane, kinyozi alizihesabu kwa sauti, na wanagusa mchanga wakiwa bado na nafasi ya kutosha kabla ya mwamba mweupe. Bwana yule anatambaa nje, analala chali, anakohoa. Neno lake la kwanza ni asante. La pili ni swali: kwani ilikuwa lazima atangaze?

Kocha alirudisha mguu botini. "Ningejirusha tena, nani angenitazama?"

Dereva anapiga honi ya lori mpaka anaambiwa aache. Kinyozi ameuachia mti, ameingia majini na viatu mpaka magotini, hatua ambayo hajawahi kuipiga maishani, na anamfuta mke wake uso kwa taulo la saluni lenye nywele za watu. Mama Maboya analia na kucheka kwa pamoja, na hajali nani anaona.

Kazi mpya inaanza mwezi ujao. Mpishi ana binamu anayejua cherehani, na Mama Maboya atamfundisha majaketi kwa wiki tatu, hasa namna ya kuuliza uzito. Yeye mwenyewe ana nia moja. Safari za siku tatu hushuka mpaka daraja la chini, ambako hajawahi kufika ila majaketi yake yamefika mara nyingi na kurudi na mchanga wa rangi asiyoijua. "Kiangazi hiki nataka niukanyage huo mchanga," anasema. "Nitakuwa natangulia mimi, majaketi yananifuata."

Akiulizwa kuhusu kayaki nyingine, kinyozi anajibu kwa niaba yake kwamba wateja wanapiga kura wiki ijayo.

Saa saba mchana, karani anamletea fomu ya ajira. Mama Maboya anaivuta kwenye meza yake, nywele bado zinatiririka maji, na kuijaza kwa kalamu ileile: kazi, mlinzi wa mto. Makazi. Watoto. Kisha anafika kwenye uzito. Bwana wa kitambi yuko palepale anarudisha jaketi, na anasogeza shingo kuchungulia.

Mama Maboya anaandika themanini na moja. Anaitazama kidogo. Anainuka, anapanda mizani, anashuka, anarudi kukaa na kuongeza: na nusu.